Hayati Amir Jamal: Mfanyabiashara Aliyekabidhiwa Hazina ya Taifa



Katika toleo hili la kumbukumbu kamati imeniomba niandike maisha ya mtu mmoja maarufu wa Afrika ya Mashariki ambaye ameshafariki, ili wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wapate kusoma na wazazi wapate kuzungumza nyumbani. Nimemchagua Bwana Amir Habib Jamal wa Tanzania. Wengi kati yetu hatulijui jina hili. Huyu bwana alikuwa mtoto wa ukoo wa kigeni, akafanya biashara, akaingia siasa, na nchi ikampa funguo za hazina yake. Akazishika kwa zaidi ya miaka 10 kwa jumla, katika vipindi vitatu.

Swali la maisha yake ni lile lile linaloulizwa kila siku kwenye bomba la maji na kwenye mstari wa mgao: je, mtu ambaye babu yake hakuzikwa hapa anaweza kuaminiwa na mali ya watu wa hapa?

UTOTO, MASOMO NA BIASHARA

Amir Jamal alizaliwa tarehe 26 Januari 1922 mjini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Wakati huo Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ambao waliipata baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Watu wa Gujarat walifika pwani yetu kwa majahazi tangu zamani sana, na baadaye wakaingia bara wakifungua maduka hata katika miji midogo. Wazee wetu wa Bunia, Aru na Arua wanayakumbuka maduka ya namna hiyo: chumvi, sukari, vitambaa, mafuta ya taa, sindano na uzi.

Katika utawala wa Waingereza watu walipangwa kama ngazi. Mzungu alikaa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa mbali mbali, hospitali mbali mbali, na hata mishahara ya kazi moja haikulingana. Mhindi mwenye duka aliweza kuishi vizuri katika mpango huo bila kusumbuka. Hakuwa mtawala, lakini hakuwa wa chini kabisa.

Kijana Amir alipomaliza masomo ya nchini alipelekwa India, akasoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1940, na India ilikuwa inachemka. Mwaka 1942 chama cha Congress cha Mahatma Gandhi kiliwataka Waingereza waondoke mara moja, na viongozi wake wakafungwa. Mwanafunzi aliyekuwa India wakati huo aliona kwa macho yake kwamba dola kubwa inaweza kuambiwa iondoke.

Aliporudi Tanganyika aliingia katika biashara ya familia. Huko alijifunza mambo ambayo yalimfaa maisha yote: kuandika hesabu kila siku, kujua kilichoingia na kilichotoka, kutofautisha fedha ya duka na fedha ya mfukoni. Mwenye duka asiyetofautisha hizo mbili hufunga milango mapema. Somo hili ni dogo, lakini serikali nyingi za Afrika zimeanguka kwa kulisahau.

KUINGIA SIASA

Mwaka 1950 vijana wa Kihindi wenye mawazo mapya walianzisha Chama cha Waasia mjini Dar es Salaam. Walisema kwamba Waasia wa Tanganyika wasijitenge kutafuta haki zao peke yao, bali wafuate njia moja na Waafrika walio wengi. Jamal alikuwa katika kundi hilo. Katika miaka hiyo alifahamiana na mwalimu wa shule mmoja aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, jina lake Julius Kambarage Nyerere. Tarehe 7 Julai 1954 Nyerere na wenzake walianzisha chama cha TANU. Urafiki wa mwalimu huyu na mfanyabiashara huyu ulidumu mpaka kifo.

TANU wakati huo ilipokea Waafrika peke yao. Jamal hakuweza kupata kadi. Hata hivyo aliisaidia, na nafasi ya kwanza ya kuonekana ilikuja na uchaguzi wa mwaka 1958.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetunga mpango wa ajabu ulioitwa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Watu wa TANU walikasirika, maana Waafrika walikuwa mamilioni na wale wengine wachache sana. Mwezi wa Januari 1958 chama kilikutana Tabora na kubishana kwa ukali. Wengine walitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere aliwashawishi washiriki, na waunge mkono Waasia na Wazungu wanaotaka uhuru. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka akaanzisha chama chake.

Basi TANU iliwaunga mkono watu kama Amir Jamal, Bibi Sophia Mustafa na Bwana Derek Bryceson, nao wakashinda. Mpango uliotungwa ili kuwatenganisha watu ulitumika kuwaunganisha. Mwaka 1959 mawaziri watano wa kuchaguliwa waliingia serikalini kwa mara ya kwanza: Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Derek Bryceson na Amir Jamal. Mfanyabiashara wetu alikuwa waziri akiwa na umri wa miaka 37, naye bado hakuwa na haki ya kuwa mwanachama wa chama kilichomfikisha hapo. Mlango wa TANU ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1963, na Jamal akaingia.

SWALI LA URAIA

Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia. Hapa ndugu wasomaji naomba tusome polepole, maana jambo hili linatuhusu.

Wabunge kadhaa walitaka uraia utolewe kwa Waafrika tu. Waasia na Wazungu, hata waliozaliwa nchini, wangojee au wakatazwe. Maneno makali yalisemwa. Waziri Jamal alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanapimwa kwa rangi mbele ya macho yao. Nyerere alisimama akapinga kwa hasira. Alieleza kwamba taifa likianza kugawa haki kwa rangi ya ngozi litaendelea kugawa kwa kabila na kwa dini, na halitajua pa kusimama. Alisema yeye na serikali yake wako tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Sheria ikapita bila ubaguzi wa rangi, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru.

Lakini sheria ya karatasi huthibitishwa na watu. Mwaka 1965 Tanganyika ilikuwa imeungana na Zanzibar kuwa Tanzania, na ulifanyika uchaguzi wa chama kimoja wenye wagombea wawili katika majimbo mengi. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Jamal aligombea Morogoro, mji wa wakulima chini ya milima ya Uluguru, ambako karibu wapiga kura wote walikuwa Waafrika. Walimchagua. Katika uchaguzi ule ule mawaziri kadhaa wazalendo walianguka, akiwemo Waziri wa Fedha Bwana Paul Bomani, mtu hodari aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba kule kanda ya Ziwa. Jamal aliendelea kuwa mbunge wa Morogoro hadi mwaka 1985.

WAZIRI WA FEDHA

Baada ya uchaguzi huo Jamal alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Alikuwa ameshapitia wizara ya mawasiliano, umeme na ujenzi, kwa hiyo alijua barabara na nyaya. Sasa alipewa sanduku lenyewe.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa fedha mpya. Mpaka wakati huo Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika ya Mashariki iliyosimamiwa na bodi ya kikoloni. Nchi hizo zilipoamua kila moja iwe na benki yake kuu, Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwezi wa Juni 1966, na Bwana Edwin Mtei akawa gavana wa kwanza. Noti za kwanza za shilingi ya Tanzania zilikuwa na sahihi mbili: ya gavana na ya Waziri wa Fedha. Kwa hiyo mkulima wa Songea au mvuvi wa Kigoma alipouza mazao yake, alipokea karatasi yenye sahihi ya mtoto wa Kihindi wa Mwanza, na akaiamini kuwa ni fedha. Sijui kama kuna cheti cha uraia kinachozidi hicho.

Kazi ya pili ilikuwa reli. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, njia ya Zambia ya kupitisha shaba kuelekea kusini iliingia mashakani. Tanzania na Zambia ziliomba msaada wa kujenga reli hadi Dar es Salaam, na nchi za magharibi zikasema haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulifanywa Peking mwezi wa Septemba 1967, na Jamal alikuwa miongoni mwa waliokwenda huko kuzungumza. Mkopo ulikuwa bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hivi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976.

AZIMIO LA ARUSHA

Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Siku iliyofuata benki zote za watu binafsi zilitaifishwa, na baada yake makampuni makubwa ya biashara na viwanda. Waziri wa Fedha ndiye aliyetakiwa kuhakikisha kwamba kesho yake milango inafunguliwa, wenye akiba wanapata fedha zao, na wenye benki wa London wanalipwa fidia baada ya mazungumzo marefu. Ikaanzishwa Benki ya Taifa ya Biashara, na kazi ikaendelea.

Azimio liliweka pia masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Kwa waziri aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara masharti haya yalikata karibu sana na mfupa. Jamal alibaki katika uongozi, maana yake alikubali kuishi kwa mshahara.

Mwaka 1971 lilikuja jambo gumu zaidi. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Lakini wenye majengo kama hayo mijini walikuwa hasa Waasia. Familia zilizokuwa zimeweka jasho la miaka 40 katika ghorofa moja zilijikuta zinalipa kodi ya kukaa ndani ya ghorofa hilo hilo. Wengi walifungasha wakaenda Uingereza na Canada. Na Waziri wa Fedha alikuwa mtu wa jamii yao.

Tusifiche jambo hili. Wapo Waasia waliomwona Jamal kuwa amewasaliti, na wapo Waafrika waliomwona kuwa Mhindi tu hata afanye nini. Mtu anayesimama katikati hupigwa mawe kutoka pande mbili. Pia si kila kilichotaifishwa kilikwenda vizuri. Mashirika mengi ya umma baadaye yalikula hasara, na wananchi ndio waliolipa. Tunayemsifu hapa alikuwa mmoja wa waliotengeneza mpango huo.

MWAKA 1972, NCHI MBILI JIRANI

Mwanzoni mwa mwaka 1972 Jamal alihamishiwa Wizara ya Biashara na Viwanda. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, upande wetu huu wa Uganda, Rais Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hapa, alitangaza kwamba Waasia wapewe siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu walitoka, wakiacha maduka, viwanda vya sukari, mashine za pamba na nyumba. Uingereza peke yake iliwapokea zaidi ya 27,000. Maduka waligawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, wengi wao wakiwa hawajawahi kuandika hesabu ya duka. Baada ya muda mfupi rafu zilikuwa tupu, na sukari ikawa kitu cha kutafutwa kwa magendo.

Sisi wa Kongo tusicheke. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu naye alitangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na wananchi wa Zaire. Wagiriki, Wareno na Wahindi walinyang'anywa maduka na mashamba, wakapewa wakubwa wa serikali. Wazazi wetu wanajua kilichofuata: bidhaa ziliuzwa, duka likafungwa, na ununuzi mpya haukufanyika.

Sasa linganisha. Nchi tatu zilikuwa na hasira moja, ya kwamba biashara iko mikononi mwa watu wenye asili ya nje. Tanzania nayo ilichukua mali, na iliwaumiza watu. Lakini haikumwambia mtu aliyezaliwa Mwanza kwamba yeye si wa Mwanza. Wakati Waasia wa Kampala walipokuwa wanapanga foleni uwanja wa ndege wa Entebbe, waziri mwenye asili ya Kihindi alikuwa anaingia ofisini kwake Dar es Salaam kama kawaida.

Nasema haya kwa heshima ya wenyeji wetu. Kosa la mtawala si kosa la watoto wa kijiji chake, na watu wa West Nile walilipa deni ambalo si lao, kama tutakavyoona.

VITA NA MIAKA YA SHIDA

Mwaka 1975 Jamal alirudishwa Fedha. Ulikuwa wakati mbaya: ukame ulikuwa umepunguza mavuno na mafuta yalikuwa yamepanda bei mara nne tangu 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ndege, reli, posta na simu, vyote vilivyokuwa vya pamoja, vikagawanyika. Jamal akapewa Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi, na Tanzania ikaanzisha shirika lake la ndege na shirika lake la reli.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Tanzania ikajibu. Makumi ya maelfu ya askari, vyakula, risasi na mafuta vilipaswa kusafirishwa kutoka pwani hadi mkoa wa Ziwa Magharibi, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja, kwa treni, kwa meli na kwa malori yaliyochukuliwa kwa wenyewe. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Majeshi yakaendelea kaskazini, yakafika Arua, na tarehe 3 Juni 1979 yakafika mpaka wa Sudan. Vita ikaisha hapa hapa tunapoishi.

Wenyeji wetu wanaikumbuka miaka hiyo kwa namna nyingine. Mwaka 1979, na zaidi sana mwaka 1980 baada ya visasi vya jeshi jipya la Uganda, watu wengi mno wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Walilala Aru na Ariwara, wakala mihogo ya mashamba yetu, wakazaa watoto kwetu. Mzee wa Koboko anayetupa leo kipande cha shamba la kulima, mara nyingi amewahi kuwa mkimbizi. Anajua maana ya turubai.

Huko Dar es Salaam kulikuwa na deni. Vita ile inakadiriwa kuwa iligharimu Tanzania dola milioni 500 hivi, na sehemu kubwa ilibebwa na nchi yenyewe. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha, lakini kwa masharti: shilingi ipunguzwe thamani na matumizi ya serikali yakatwe. Nyerere alikataa. Bwana Mtei, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha na aliona masharti yakubaliwe, akajiuzulu mwezi wa Desemba 1979. Jamal akaitwa mara ya tatu kushika hazina, na safari hii ilikuwa karibu tupu.

Mwaka 1980 aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha mjini Washington. Tazama jambo hilo: mwakilishi wa nchi maskini yenye madeni ameketi kwenye kiti cha mbele mbele ya wenye kukopesha dunia nzima. Makubaliano ya mkopo yaliyofikiwa mwaka huo yalivunjika baada ya miezi michache. Ndani ya nchi sabuni, sukari, nguo na vipuri vilikosekana, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mpango wa kujiokoa kiuchumi wa mwaka 1981 haukuleta nafuu iliyotarajiwa. Mwaka 1983 Jamal aliondoka Wizara ya Fedha, na Bwana Cleopa Msuya akachukua nafasi.

Kwa hiyo ukipima kwa sukari dukani, waziri huyu alishindwa. Ukipima kwa bei ya mafuta, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya na gharama ya vita, utasema hapakuwa na waziri ambaye angeweza kushinda. Wataalamu bado wanabishana kama masharti yangekubaliwa mapema au la. Lakini kwa miaka yote hiyo, wakati katika nchi nyingi za jirani mawaziri walikuwa wanajenga majumba Ulaya, jina la Amir Jamal halikuhusishwa na wizi. Adui zake walimpinga kwa siasa yake na kwa asili yake. Kwa mikono yake hawakupata la kusema.

GENEVA NA MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari, na Jamal akaacha ubunge. Alipelekwa Geneva, Uswisi, kuwa mwakilishi wa Tanzania kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, akafanya kazi huko hadi mwaka 1993. Geneva ndiko yaliko makao makuu ya shirika la UNHCR, ambalo jina lake tunaliona kila siku kwenye maturubai yetu. Tanzania ilikuwa inahifadhi wakimbizi wengi wa Burundi na Msumbiji katika miaka hiyo, na mwaka 1983 Nyerere alikuwa amepewa medali ya Nansen kwa ajili ya kuwapokea watu kama sisi. Pale Geneva Jamal alishughulika na mazungumzo ya biashara ya dunia, akitetea nchi zinazouza kahawa na pamba kwa bei wasiyopanga wenyewe. Yule mwenye duka alikuwa bado anabishania bei.

Amir Habib Jamal alifariki tarehe 21 Machi 1995 mjini Vancouver, Canada, akiwa na umri wa miaka 73.

TUNAJIFUNZA NINI

Mwalimu hapaswi kumaliza somo bila maswali. Nimejitahidi kuyaweka machache, na ninawaomba walimu wenzangu wayajadili na wanafunzi.

La kwanza ni kwa sisi wakimbizi. Jamal hakupewa imani kwa kuidai. Alianza kwa kushika mambo ya wenyeji kama yake mwenyewe, wakati chama chao hakikuwa hata na kadi ya kumpa. Hapa kambini wengi wetu hatutakuwa mawaziri. Lakini kuna sanduku la kikundi cha akiba, kuna daftari la mgao, kuna ufunguo wa ghala, kuna mashine ya kusaga ya pamoja. Mtu anayeshika vitu hivyo anashika hazina. Akiandika kilichoingia na kilichotoka, na daftari likawekwa mezani siku ya mkutano, jirani hatauliza tena anatoka kabila gani. Sanduku likipungua, atauliza hilo kwanza.

La pili ni kwa wenyeji na kwa serikali. Tanzania ingeweza kumwacha mtu huyu dukani kwake kwa sababu ya sura yake. Ingekuwa imepoteza mhasibu bora wa kizazi kile. Katika kambi hii kuna wauguzi, maseremala, mafundi wa redio na walimu ambao vyeti vyao vya Kongo na vya Sudan Kusini vimekaa ndani ya mifuko ya plastiki. Watoto wa Koboko nao wanahitaji walimu.

La tatu ni kwa wafanyakazi wa mashirika, tunaowashukuru kwa kazi yao. Mkiorodhesha mahitaji yetu, orodhesheni pia tunachoweza. Fomu huwa na mistari mingi ya kuuliza mtu amepoteza nini. Tunaomba mstari mmoja wa kuuliza anajua kazi gani.

La nne ni swali gumu, nalo sina jibu lake. Mtu akipewa imani na nchi iliyompokea, halafu nchi hiyo ikatoa amri inayowaumiza jamaa zake, afanye nini? Jamal alibaki na kufanya kazi. Wengine wa jamii yake waliondoka, na hatuwezi kusema walikosea. Wazee wa kamati wazungumzie jambo hili chini ya mwembe, maana siku moja linaweza kumfikia mtoto wa mmoja wetu.

Mungu amrehemu Bwana Amir Jamal. Na wale wote waliopokea wageni wakati wao wenyewe hawana cha kutosha, katika Tanzania, Kongo, Sudan na hapa West Nile, Mungu awalipe.



Mwalimu wa shule ya msingi ya kambi, kwa niaba ya Kamati ya Elimu